Kucheka mtu akiuawa: kwa nini "Get Out" inashika na "Saltburn" inateleza

SWALI: Miaka hii michache nimetazama filamu nyingi za mauaji zenye vichekesho ndani yake. "Get Out" na "Parasite" nimezirudia mara kadhaa. "The Menu" niliipenda. "Saltburn" ilinichosha, na "Triangle of Sadness" niliizima katikati. Mume wangu anasema hizo zote ni filamu moja, matajiri kwenye jumba, na kwamba mtu anayecheka wenzake wakiuawa ana roho mbaya. Je, kuna tofauti ya kweli kati ya zilizonikamata na zilizonichosha, au ni ladha yangu tu? Na baada ya hapa nitazame ipi? (Msomaji wa kike, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, nianze na shemeji, maana amesema mambo mawili na moja amelipatia. Filamu ulizozitaja kweli zina kisa kimoja, ila sicho anachokidhania. Utajiri ni mapambo tu. Kisa chenyewe ni mgeni na mwenyeji. Kwenye "Get Out" ya Jordan Peele (2017) kijana mweusi, Chris, anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake wa Kizungu, Rose. Kwenye "Parasite" ya Bong Joon-ho (2019) familia maskini ya akina Kim inaingia nyumbani kwa akina Park mmoja baada ya mwingine, kwa mlango wa ajira. Kwenye "The Menu" ya Mark Mylod (2022) wageni wamelipa dola 1,250 kila mtu ili wakaribishwe chakula cha jioni kisiwani. "Saltburn" ya Emerald Fennell (2023) ni mwanafunzi wa Oxford aliyealikwa likizo kwa rafiki yake, na "Triangle of Sadness" ya Ruben Östlund (2022) ni wageni ndani ya yoti. Angetaka kuongeza angeongeza "Ready or Not" (2019), ambamo bibi harusi anawindwa na wakwe zake usiku ule ule wa harusi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Humu jembe linatolewa usiku wa kwanza, tena si la kulimia.

(Wasomaji wengine mnaofuatilia, nitataja miisho. Kama hujaziona na hupendi kuharibiwa uhondo, rudi baadaye.)

Kwa nini waandishi wameng'ang'ania mgeni? Kwa sababu mgeni ana kamba isiyoonekana miguuni. Kwenye filamu za ujambazi tulizokulia, swali ni kama steringi ataweza kukimbia: mlango umefungwa, nje kuna walinzi, gari halina mafuta. Kwenye hizi mlango uko wazi na gari liko nje. Kinachomzuia mtu kuondoka ni haya. Hataki kuonekana mkorofi, hataki kuwaudhi wakwe, hataki kuharibu chakula cha watu. Filamu iliyolisema hili bila kupepesa ni "Speak No Evil" ya Christian Tafdrup wa Denmark (2022). Mume, mke na binti yao mdogo wanawatembelea Waholanzi waliokutana nao likizoni Italia. Mke hali nyama. Mwenyeji anamlisha kipande cha nyama kwa tabasamu, naye anameza asije akaonekana anaringa. Usiku fulani wanashtuka, wanafungasha, wanatoroka kimya kimya, kisha wanageuza gari kwa sababu mtoto amesahau sungura wake wa kuchezea. Mwishoni kabisa, mume anapouliza kwa nini wanafanyiwa haya, jibu la mwenyeji ni fupi: kwa sababu nyinyi wenyewe mliniruhusu. Toleo la kiingereza la 2024, la James Watkins, linachekesha zaidi kwa sababu ya James McAvoy, lakini limewapa wageni nafasi ya kupigana na kuokoka. Toleo la kwanza linaudhi, na mimi ndilo ninalolipenda.

Sasa tuingie kwenye ufundi, maana swali lako hasa ni la ufundi. Alfred Hitchcock, mwongozaji mkongwe wa filamu za taharuki, alipohojiwa na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alitoa mfano ambao hadi leo hakuna darasa la uandishi wa filamu linaloukwepa. Watu wawili wanaongea mezani mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu litakapolipuka atashtuka kwa sekunde 15. Kama ameonyeshwa mtu akilitega, na anaiona saa ukutani, maongezi yale yale yasiyo na maana yatamtoa jasho kwa dakika 15. Tofauti pekee ni kile mtazamaji alichoambiwa mapema.

Hitchcock alikuwa anaeleza taharuki. Ila weka jambo moja zaidi pale mezani: waongeaji wawe na adabu. Wakaribishane chai, wasifiane nguo, mmoja aombe radhi kwa kuchelewa. Taharuki ile ile inakuwa kichekesho, na hakuna aliyetia mzaha wowote. Hapo ndipo filamu unazozipenda zinapokaa. Hazichanganyi damu na vichekesho kama sinema za zamani zilizoweka mlevi wa kuchekesha katikati ya risasi. Unaogopa na unacheka kwa sababu ile ile moja: unajua, na yeye hajui, na bado anasema asante.

Tazama "Get Out" kwa jicho hilo. Wewe na mimi tuna bahati ambayo mtazamaji wa Chicago hana. Baada ya kijana wa kwanza kutekwa barabarani usiku, majina yanapita juu ya miti inayokimbia dirishani, na kuna sauti zinazoimba chini chini. Zinaimba kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", mtunzi wake ni Michael Abels, na ujumbe wake ni onyo: kimbia, jiokoe. Lafudhi ni ya ng'ambo na inabidi utege sikio, lakini onyo lipo. Wamarekani wengi walilisikia kama mvumo wa kutisha tu. Kwetu sisi bomu limeshaonyeshwa kabla Chris hajafunga begi. Wahenga wanamwonya kwa lugha asiyoijua, na kinaya kilichoongezeka, sidhani kama kilipangwa, ni kwamba mwigizaji wake, Daniel Kaluuya, ni mzaliwa wa London wa wazazi kutoka Uganda.

Kisha anafika ukweni, na angalia kinachomkamata. Baba anamwambia angempigia Obama kura ya tatu kama ingewezekana. Chris anatabasamu, maana utasema nini? Wageni wa sherehe wanampapasa misuli, anatabasamu. Mama anamketisha na kukoroga chai, kijiko kinagonga kikombe taratibu, na kwa sauti ile ya mama mkwe anayekujali anamzamisha usingizini. Silaha ya kwanza ya filamu hii ni kikombe cha chai. Baadaye, akiwa tayari ameshagundua, bado anamwomba Rose funguo za gari kwa upole, anaomba tena, anaomba kwa ukali, na Rose anaendelea kupekua mkoba kama mtu aliyezipoteza kweli. Tukio hilo lina urefu wa dakika chache tu, na mara ya pili linachekesha kwa namna ya kutisha, kwa sababu sasa unajua kwamba funguo anazo mkononi.

Mwisho wake ndio ushahidi wangu mkubwa. Chris ana damu mwilini, Rose yuko chini yake barabarani, na taa za gari la askari zinawaka nyuma. Chris anainua mikono. Ukumbi mzima unajua hadithi hii inakwendaje Marekani kwa kijana mweusi aliyekutwa katika hali hiyo. Mlango wa gari unafunguka, na anayeshuka ni rafiki yake Rod, mlinzi wa uwanja wa ndege, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimwonya kwa simu na sote tukamwona mpuuzi. Watu hushusha pumzi na kucheka kwa wakati mmoja. Peele alikuwa amepiga mwisho mwingine ambamo Chris anafungwa, akaubadilisha. Filamu iligharimu takriban dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Peele akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya muswada asilia. Waandaaji wa Golden Globes waliiweka kwenye kundi la vichekesho, watu wakalalamika, na Peele akajibu kwa utani kwamba ni filamu ya hali halisi.

"Parasite" inakwenda mbali zaidi, kwa sababu inakutoza kwa kicheko chako. Kumbuka usiku wa mvua. Akina Park wamekwenda kupiga kambi, akina Kim wamejimwaga sebuleni wanakunywa pombe ya mwenye nyumba. Kengele inalia. Ni mtumishi wa zamani, yule waliyemfukuzisha kwa kutumia mzio wake wa mapichi, amekuja kumlisha mumewe aliyefichwa miaka chini ya nyumba. Wanaanza kupigana wao kwa wao, maskini kwa maskini. Katikati ya vurugu simu inalia: mvua imeharibu safari, tunarudi, tutafika baada ya dakika nane, mtoto anataka ram-don. Mama Kim hata hajui ram-don ni kitu gani.

Ni tambi za pakiti, aina mbili zimechanganywa, chakula cha mtu asiye na hela, ila mama wa nyumba hii anataka juu yake vipande vya nyama ya ng'ombe ya bei mbaya. Bong anaupiga upishi ule kama mbio za magari: maji yanachemka, nyama inakatwa, watu wanaburutwa ngazini, taa za gari zinaonekana getini. Yule mtumishi anapanda kutoka chini, anafika jikoni, na mama Kim, bila hata kumgeukia sawasawa, anamrudisha ngazini kwa teke. Mama mwenye nyumba anaingia. Chakula kiko tayari.

Ulicheka? Karibu kila mtu hucheka. Teke lile ndilo lililomuua. Filamu haikwambii pale pale. Inakuacha ucheke, kisha baadaye inakupeleka chini ukamwone alivyopasuka kichwa. Usiku ule ule, baba Kim na watoto wake wawili wamelala chini ya meza ya sebuleni wakati mwenye nyumba na mkewe wako kwenye kochi, sentimita chache kutoka kwao, wanazungumzia harufu ya dereva wao. Hitchcock aliweka bomu chini ya meza. Bong ameweka watu, na bomu ni kile wanachokisikia. Linalipuka kesho yake bustanini, baada ya mafuriko kuwatoa akina Kim nyumbani kwao na mama Park kuishukuru mvua kwa kusafisha hewa ya sherehe. Mwenye nyumba anaziba pua, na kisu kinaingia. Hakuna hata kichekesho kimoja mle ndani ambacho hakikuja kudaiwa. Ndiyo maana filamu ya Kikorea yenye maandishi chini ilichukua Palme d'Or ya Cannes mwaka 2019, kisha Oscar nne mwanzoni mwa 2020, ikiwemo ya filamu bora, ambayo haikuwahi kwenda kwa filamu isiyo ya Kiingereza.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: uliza nani anakilipia kicheko. Kama kuna mtu ndani ya filamu mwenye cha kupoteza, na kila unapocheka anakaribia kukipoteza, itakushika. Kama unacheka ukiwa umekaa juu, unawatazama wapumbavu wakianguka na hujali waanguke au wasianguke, utachoka baada ya saa moja hata picha ziwe nzuri namna gani.

"The Menu" iko katikati, na nadhani unaipenda kuliko inavyostahili. Waandishi wake, Seth Reiss na Will Tracy, walitokea kwenye gazeti la kejeli, na inaonekana: kila sahani ni mzaha uliokamilika. Sahani ya mkate usio na mkate, wageni wanaletewa vichovyo peke yake. Chapati za mahindi zilizochomwa kwa leza picha za dhambi za kila mteja. Nilicheka zote. Lakini wengi wa wale wageni wameshahukumiwa tangu wanashuka kwenye boti, na mwandishi anawachukia kuliko mpishi anavyowachukia. Kinachoiokoa ni watu wawili. Kwanza Margot, ambaye hakupaswa kuwepo, maana ameletwa kujaza kiti. Pili Tyler, aliyejua mapema kwamba wote watakufa na bado akaja kwa sababu hakutaka kukosa chakula. Huyo ndiye mgeni mwenye adabu mbaya kuliko wote kwenye filamu za miaka hii. Margot anatoka hai kwa kufanya kitu ambacho kila mama lishe angekielewa: anakirudisha chakula, anasema bado ana njaa, anaagiza baga ya jibini. Dola 9.95. Mpishi muuaji anatabasamu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa amepata mteja anayetaka kushiba. Tukio hilo ni bora kuliko mengine yote yaliyoizunguka.

Kuhusu "Saltburn" tunakubaliana nusu. Kuna tukio moja mle ambalo ningelifundisha darasani. Felix, mtoto wa nyumba, amekutwa amekufa bustanini, na familia inakaa mezani kula chakula cha mchana kana kwamba ratiba haiwezi kuvunjwa. Mapazia yanafungwa ili maiti isionekane ikipitishwa, chumba kinakuwa chekundu, na watu wanahimizana kula pai. Hayo ndiyo niliyokuwa nikieleza: adabu mbele ya jambo ambalo adabu haiwezi kulibeba. Kama filamu yote ingekuwa hivyo ningeitetea. Tatizo ni Oliver, yule mwanafunzi aliyealikwa. Hatujui anataka nini, kwa hiyo hatuwezi kuogopa kwa ajili yake wala kuwaogopea wengine kwa uhakika. Halafu dakika za mwisho filamu inarudi nyuma na kutueleza kila alichokipanga, kimoja kimoja, kama mtu anayefafanua fumbo alilolitoa mwenyewe. Kwa hesabu ya Hitchcock, tumepewa sekunde 15 mahali ambapo tungeweza kupata saa mbili. Ile ngoma ya uchi ya kumalizia ilisambaa sana mitandaoni, na bado haijibu lolote.

"Triangle of Sadness" hapana, hiyo hukuitendea haki. Nakisia uliizima kwenye matapishi. Wengi huishia hapo: chakula cha nahodha, bahari imechafuka, matajiri wanatapika na kuteleza kwenye sakafu kwa muda mrefu kupita kiasi. Nakubali ni mrefu. Kicheko hapo hakilipiwi na mtu, isipokuwa wale wazee wawili wapole, watengenezaji silaha, wanaorushiwa bomu la mkono na mke anauliza kwa mshangao kama hili si la kwetu. Hata hivyo sehemu ya tatu ndiyo filamu yenyewe. Waliookoka wako kisiwani, hakuna anayejua kuwasha moto wala kuvua, isipokuwa Abigail, mwanamke wa Kifilipino aliyekuwa msimamizi wa usafi wa vyoo. Anakamata pweza, anagawa vipande, na kwa kila kipande anawauliza nahodha ni nani. Mgeni na mwenyeji wamebadilishana viti. Kuanzia hapo Abigail ana cha kupoteza, siku meli ikiwapata anarudi chooni, na dakika za mwisho akiwa na jiwe mkononi zinabana kifua. Dolly de Leon, anayemwigiza, anawafunika wote. Rudi, anzia yoti inapozama.

Sasa lile la roho mbaya. Huko kwenu Morogoro, na Pwani kote, shemeji lazima amewaona watani msibani. Maiti iko ndani, wafiwa wanalia, mtani anaingia akiigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea au akikopa. Mwingine anajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka alipwe. Watu wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na hakuna anayesema mtani ana roho mbaya, kwa sababu yeye pia ndiye anayechimba, anayepika, anayehangaika na shughuli yote. Amepewa ruhusa ya kucheka kwa kuwa anabeba mzigo. Angekuja mpita njia asiyemjua marehemu akafanya vile vile, angepigwa. Basi unapocheka "Parasite" umo msibani. Ukicheka "Saltburn" unapita njia. Unachokicheka, kwa vyovyote, si kifo; unacheka watu wanaoshikilia heshima ndogo ndogo wakati nyumba inaungua.

Tena sisi tumezoea mchanganyiko huu kuliko tunavyojisifia. Kwenye vibanda umiza, Lufufu na waliomfuata walikuwa wakichukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani isiyo na hata tabasamu, wanaitafsiri juu kwa juu, wanamtania adui, wanamwonya steringi kwamba mlangoni kuna mtu. Kenya DJ Afro amejenga jina kwa kazi hiyo hiyo. Kwa lugha ya Hitchcock, mtafsiri alikuwa anatuonyesha bomu ambalo mwongozaji alilificha, na banda zima lilicheka na kuogopa kwa pamoja. Kuna wasomi wa filamu waliodharau kazi hiyo. Wangekaa kwenye yale mabenchi wangejifunza kitu kuhusu muda.

Utazame ipi baada ya hapa? Kwa wewe, "No Other Choice" ya Park Chan-wook (2025), kutoka Korea tena. Inatokana na riwaya ya Mmarekani Donald Westlake ya mwaka 1997, ambayo Costa-Gavras aliwahi kuifanya filamu kwa Kifaransa mwaka 2005. Mtu aliyefanya kazi miaka 25 kwenye kiwanda cha karatasi anapunguzwa kazi, na anafikia uamuzi wa kuwaua wenzake wanaoweza kushindana naye kwenye usaili. Mauaji yake ya kwanza yanaharibika kwa sababu muziki ndani ya nyumba uko juu mno, muuaji na anayetakiwa kufa hawasikizani, wanapigiana kelele kama majirani. Unacheka, halafu unakumbuka kwamba yule mhanga naye ni baba wa nyumba aliyekosa kazi, sawasawa na muuaji wake. Yeyote aliyewahi kusubiri simu ya kuitwa kazini itamuuma pabaya.

"Bugonia" ya Yorgos Lanthimos (2025), iliyoandikwa na Will Tracy yule yule wa "The Menu", ningeiweka ya pili. Vijana wawili wanamteka bosi wa kampuni ya dawa wakiamini ametoka sayari nyingine. Emma Stone na Jesse Plemons wanabishana kwa lugha ya mikutano ya ofisini huku mmoja kafungwa minyororo. Mwisho wake utawagawa nyumbani kwenu, na sitausema.

Na usiruke "Nairobi Half Life" ya David "Tosh" Gitonga (2012), filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar. Mwas anauza filamu kijijini kwa kuwaigizia wateja vipande vya mapigano, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ile ile na kujikuta mahabusu. Mle ndani anaamrishwa kusafisha choo kisichosemeka, na anafanya kazi ile kwa ucheshi wa mwigizaji ambaye hatimaye amepata watazamaji. Choo hicho ndicho kinachomkutanisha na genge. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora Durban kwa kazi hii, na hakuna mtu atakayehitaji kusoma maandishi ya chini ili aelewe kinachochekesha. Sheng yenyewe inatosha.

Shemeji mwanzishie "Knives Out" ya Rian Johnson (2019). Damu ni kidogo, jumba lipo ili asikose la kulalamikia, na mwandishi anatuambia mapema mzee alikufaje, kwa hiyo muda wote uliobaki tunamwogopea muuguzi Marta, ambaye akisema uongo anatapika. Mwambie ahesabu ni nchi ngapi ndugu wa marehemu wanazitaja kila wanapojisifu kwamba Marta ni kama mtoto wa nyumbani. Akicheka hapo, ukimaliza mwekee "Get Out", na wakati wa majina ya mwanzo ongeza sauti ili wimbo ausikie vizuri.